Kisomo cha Tatu

Wakati ule, kama ulitaka kujua nani kagombana na nani kuanzia Tunduma mpaka Ihanda, hukuwa na haja ya kuuliza njiani. Ulikuja kwangu ukaagiza chai. Nyumba yangu ilikuwa ya vyumba vitatu, matofali mabichi na bati juu, pale Maili Mbili, mji wetu mdogo kando ya barabara ya mpakani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa hoteli. Wachuuzi wa chumvi kutoka Ivuna walitua mizigo yao barazani, madereva wa malori ya Rhodesia walikula maharage yangu huku wakinidanganya habari za Lusaka, na wanawake wa sokoni walikuja kusengenyana wakisingizia wamekuja kuomba moto. Mimi nilipenda hivyo. Nyumba ikinyamaza, naumwa kichwa.

Aliyeijenga ni mume wangu Danford, mtu wa milima ya Ileje kama mimi. Alifariki miaka sita kabla ya haya ninayosimulia, akaniachia binti mmoja, Sekela, ambaye sasa ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Watu wakaniita Mama Sekela. Jina langu Tulinagwe likabaki la kanisani. Nilikaa bila hofu, kwa sababu ya Hati.

Hati ilikuja siku Bwana Shauri, mzungu wa boma, alipotutambua kuwa mji, si kambi ya wapita njia tena. Karatasi nne zenye mhuri, vifungu kumi na kimoja. Mimi kusoma ni kwa kukokota, herufi moja inakimbia nyingine inagoma, lakini kifungu cha saba nilikijua kwa moyo kama Baba Yetu: "Mjane atakaa katika kiwanja cha mumewe mpaka atakapoolewa au kufa." Sikuwa na mpango wa lolote kati ya hayo mawili.

Lakini Hati yenyewe ilisema inaweza kubadilishwa. Kifungu cha mwisho. Badiliko lisomwe mbele ya baraza mara tatu, wenye viwanja wakiwa si chini ya arobaini. Kisomo cha tatu, mwenyekiti aulize kama kuna anayepinga. Mwenye kiwanja akisimama na kupinga kwa kinywa chake mwenyewe, jambo liwekwe kando mwaka mzima. Asipoonekana mpingaji mbele ya mwenyekiti, mwenyekiti atie dole gumba, na imekuwa sheria.

Karani wa baraza alikuwa Watson, mdogo wake Danford. Watson huyo nilimpokea akiwa na suruali moja na sanduku la bati. Alilala chumba changu cha nyuma miaka minne, akasoma, akapata kazi ya ukarani, akajenga chumba chake nyuma ya soko, na bado kila asubuhi chai alikuja kunywa kwangu. Sikuwahi kumwona kama mgeni. Danford alipofariki, Watson ndiye aliyelia mpaka akashikwa mikono.

Asubuhi moja akaja mapema kuliko kawaida, akavua kofia.

"Shemeji, nina shida na wewe tu ndiye dawa."

"Umempa nani mimba?"

Wachuuzi wa chumvi wakaangua kicheko. Watson naye akacheka, akavuta kigoda karibu.

"Baraza, shemeji. Kuna vifungu vinasomwa Jumamosi, vya soko, vya ng'ombe kupita barabarani, vitu hivyo. Nahitaji watu arobaini. Nikipiga kengele mimi wanakuja saba, na watatu wao wamelewa. Wewe ukipiga ulimi wanakuja mia."

"Na wakija wakae na njaa?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikaona fahari. Kwa nini niseme uongo? Mjini wapo wenye kalamu na wapo wenye kofia, mimi nilikuwa na watu. Nilizunguka mlango kwa mlango. Huyu nilimwambia atamwona hasimu wake akiaibishwa, yule nikamwambia kuna maandazi. Jumamosi walifika hamsini na wawili, Watson akawahesabu kwa kidole akitabasamu kama bwana harusi.

Alisoma haraka, kwa kile Kiswahili cha bomani kinachotembea na viatu. Ng'ombe wapite nyuma ya soko. Sawa. Mashimo ya choo yawe futi kumi. Sawa, sawa. Kisha: "Kifungu cha saba kibadilishwe, kisomeke: kiwanja cha marehemu kitashikwa na mlipa kodi wa nyumba yake." Nami nikaitikia "sawa" kwa sauti kuliko wote. Nyumba yake ni ipi kama si hii? Na aliyemo ni nani kama si mimi? Nikaenda kugawa maandazi.

Kisomo cha pili, hivyo hivyo. Safari hii nilileta sitini.

Aliyenifumbua macho ni Aida, mke wa mwinjilisti, Mnamwanga mwembamba mwenye mdomo usiojua mapumziko, shoga yangu wa kufa na kuzikana. Yeye alisoma misheni, karatasi anaisoma hata ikiwa imepinduliwa. Jumatatu baada ya kisomo cha pili alisimama mbele ya nguzo ya soko, Watson alikokuwa ametundika yale mabadiliko, kisha akaja kwangu mbio, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani.

"Mama Sekela, wewe kodi unalipa?"

"Kodi gani? Kodi ya kichwa si ya wanaume?"

"Sasa mlipa kodi wa nyumba ya Danford ni nani?"

Nilikuwa nakanda unga. Mikono ilibaki humo humo ndani ya beseni.

"Nyumba, shoga, hawakusema hiyo ya matofali," Aida akasema, polepole sasa. "Nyumba ni ukoo. Mwanamume wa ukoo wa Danford anayelipa kodi hapa Maili Mbili. Yuko mmoja."

Hakuhitaji kumtaja. Kikombe chake cha asubuhi ile kilikuwa bado mezani, kimebaki majani chini.

Nilimfuata Watson ofisini, na unga mikononi. Hakuruka wala hakukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniwekea kiti.

"Shemeji, hii ni sheria ya mji, si yangu. Kila mahali inaelekea huko. Na wewe nani atakufukuza? Utakaa tu."

"Nitakaa kwa ruhusa ya nani?"

Akanyanyua mabega. "Tutaelewana."

"Watu nilikuletea mimi, Watson. Kwa maandazi yangu."

"Na nilishukuru."

"Basi kisomo cha tatu nitasimama. Nina kiwanja namba tisa, nina kinywa. Nitapinga."

Akanitazama kidogo, akafunga kitabu chake. "Ni haki yako, shemeji. Simama."

Niliondoka nimetulia. Nikawatangazia watu wote hotelini kwamba Jumamosi mtu atanyolewa bila maji. Madereva wakaahidi kuchelewesha safari ili waone.

Alhamisi, kabla ya jua la utosi, lori la Ileje lilisimama mbele ya soko. Mimi nilikuwa ndani. Aida ndiye aliyeingia, safari hii hakukimbia. Alifunga mlango nyuma yake.

"Usitoke."

"Kuna nini?"

"Watson amepata mwenyekiti mwingine wa kisomo cha tatu. Anasema Bwana Sichone, mwenyekiti wetu, hawezi kukaa kitini kwa sababu na yeye anacho kiwanja cha ndugu yake marehemu, atajipendelea. Anataka mzee asiye na kiwanja hapa, asiye na upande. Watu wote wamesifu, wanasema karani ana akili." Akashusha sauti. "Amemleta baba yake."

Watu wa pwani wataniuliza, kwani kuna nini? Baba mkwe ni baba. Kwetu sisi Wandali, mke wa mtoto na baba wa mumewe hawaonani. Tangu siku niliyoolewa, miaka kumi na tisa, sikuwahi kuuona uso wa mzee yule, wala yeye wangu. Akija njia moja nami, naingia porini nachuchumaa, nimejifunika kichwa mpaka kikohozi chake kipite. Nyumba aliyomo siingii. Jina lake silitamki, hata maneno yanayofanana na jina lake nimeyabadilishia mengine, na ndiyo maana hata hapa silitaji. Msibani kwa Danford yeye alikaa mbele ya nyumba, mimi nyuma, tukamlilia mtu mmoja pande mbili za ukuta. Wapo wanaosema Ukristo umeyaondoa hayo. Kwa wengine, labda. Kwetu, mwanamke aliyemtazama mkwewe ni kama amevua nguo sokoni.

Na Hati inasema: kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mwenyekiti.

"Nisemee wewe," nikamwambia Aida.

"Mimi sina kiwanja. Nyumba yetu ni ya kanisa. Watson ataninyamazisha kabla sijafika nukta." Akanishika mkono. "Amefikiri, huyu. Amekaa akafikiri."

Kwa siku mbili nyumba yangu ilijaa kuliko kawaida, na kila mtu na shauri lake. Dereva mmoja Mbemba alisema eti nijipake majivu nijifanye mtu mwingine. Mwanamke wa samaki akasema, "Mtazame tu, atakufanya nini, ataliwa na macho?" Watu wa Ileje waliokuwepo hawakusema kitu. Walikunywa chai wakitazama chini, na ukimya wao niliusikia kupita kelele za wengine.

Jumamosi sikumwita mtu, walikuja wenyewe. Baraza lilikaa ndani ya banda la soko, na waliokosa nafasi walining'inia kwenye boriti. Mimi nilisimama nje, nyuma ya ukuta wa mabua, nikisikiliza. Watson alisoma vifungu vyote, safari hii taratibu, kila neno likioshwa. Kisha nikasikia sauti nisiyoijua, nzito, ya mtu wa milimani asiyezoea Kiswahili:

"Yupo anayekataa?"

Nilijifunika kanga kichwa na uso mpaka mdomoni. Nikageuka, nikaupa mlango mgongo, nikaingia kinyumenyume.

Ndiyo, kinyumenyume, kama mtu anayeburuta gunia. Baadhi walicheka. Aida alinishika kiwiko kwa nyuma asiniache nijikwae kwenye mabenchi, akininong'oneza, "Kushoto, kushoto kidogo, mguu wa meza." Nilifika katikati. Mbele yangu nyuso za mji mzima, nyuma yangu mzee.

"Mimi ni Tulinagwe," nikasema, "mjane wa Danford, kiwanja namba tisa. Kifungu cha saba, nakataa. Nakataa kwa kinywa changu mwenyewe."

Nyuma yangu nilisikia blanketi likivutwa. Aida aliniambia baadaye: mzee alikuwa amejifunika kichwa chote, amebaki kama kifurushi juu ya kiti, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyoonekana.

Ndipo Watson aliposimama. Sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Mwenyekiti, karani anaomba jibu aandike kitabuni. Umemwona mtu anayepinga?"

Mimi mwenyewe sikuelewa bado. Kisha ile sauti ikatoka chini ya blanketi:

"Mkwe wangu mimi simwoni. Sijapata kumwona, na kwa heshima yake sitamwona."

Watu wa Ileje walitikisa vichwa kwa kukubali. Kwetu ile ni sifa. Hakuna baba mkwe anayeweza kumpa mke wa mwanawe neno kubwa kuliko hilo mbele za watu; moyo wangu, mjinga, ulijaa joto. Na katika joto lile lile nikasikia kalamu ya Watson ikikwaruza karatasi, akisoma huku anaandika:

"Mwenyekiti. Hakumwona. Mpingaji."

"We karani!" Bwana Sichone aliruka kutoka benchi la mbele. "Hiyo ni nini? Mji mzima tumemsikia!"

"Bwana Sichone, Hati haisemi kusikia. Inasema kuonekana mbele ya mwenyekiti. Je, mwenyekiti amemwona?" Akageukia blanketi. "Baba, umemwona?"

"Nimekwisha kusema," mzee akasema, na hasira kidogo, kama mtu aliyeulizwa mara mbili kama ana adabu.

Niliwatazama watu wangu. Hamsini na wawili wa kwanza, sitini wa pili, wote walikuwepo. Mwanamke wa samaki alikuwa anacheza na pindo la nguo yake. Wachuuzi wa chumvi walitazama mizigo yao. Wengine walikuwa na ndugu marehemu wenye viwanja na wake wajane, nikaona hesabu inapita machoni mwao, mmoja baada ya mwingine. Aliyebaki amesimama ni Sichone peke yake, na Aida akilia kwa kelele, na kelele ya mke wa mwinjilisti haiandikwi kitabuni.

Wakamletea mzee kidau cha wino chini ya blanketi. Akatoa mkono, akatia dole.

Nilitoka nimetanguliza uso, sikuwa na cha kuficha tena.

Alasiri hoteli yangu ilikuwa tupu. Sijui kama uliwahi kuiona hoteli iliyozoea watu ikiwa tupu: nzi wanakuwa wengi kuliko walivyokuwa. Nilikaa kwenye ukuta wa chumba cha mbele, mlango nimeufunga. Nikasikia fimbo ikigonga njia, taratibu, ikasimama kwenye ukuta wa mbele. Mtu akakaa chini barazani, akakohoa. Kile kikohozi nilikijua kwa miaka kumi na tisa.

Kwetu, ikibidi sana, mkwe husemeshwa kupitia kitu. Mti, mbwa, chungu.

"Wewe nyumba," mzee akasema, kwa Kindali, "hujambo, nyumba."

Nikasogeza kichwa ukutani.

"Nyumba, muulize aliye ndani yako. Mwanangu alinijia kule milimani akasema mke wa marehemu amechoka na mji. Akasema yeye mwenyewe ameomba arudi kwenye boma langu alimiwe shamba, azeeke kwa heshima, lakini Hati ya wazungu inamfunga hapa. Akasema nije niifungue. Nikauza debe mbili za ulezi nikapanda lori." Akapumua. "Leo nimesikia sauti yake inasema anakataa. Nikafikiri ni desturi, kama bibi harusi anavyokataa. Sasa watu njiani wananitazama vibaya. Nyumba, muulize: aliomba?"

"Nyumba," nikasema, "mwambie mzee kwamba sikuomba. Mwambie humu ndimo nilimomuuguza mwanawe. Mwambie mimi sina mji mwingine."

Nilimsikia akikuna ukuta kwa kucha, pale pale upande wa pili wa kichwa changu.

"Basi mwambie arudi mbele ya baraza kesho," nikaendelea, kwa haraka sasa, kwa sababu niliona njia imefunguka kidogo. "Aseme alidanganywa. Dole ni lake. Bwana Sichone atamwandikia Bwana Shauri. Neno moja tu, nyumba, mwambie."

"Nyumba." Sauti ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa na wana watatu. Mmoja vita ilimla Burma. Mmoja alikufa ndani yako. Huyu aliyebaki nikisimama mbele ya watu nikasema ni mwongo, atafukuzwa kazi, atakwenda Kitwe kuchimba shaba, hatarudi. Nani atanizika?" Akangoja, kama kwamba ukuta ungemjibu. "Mwambie aliye ndani yako kwamba namheshimu sana. Mwambie boma langu liko wazi. Lakini mwanangu sitamtaja."

Kwa hiyo alijua. Alijua kabla hajaja kukaa pale. Alichotaka ni nimwambie kwamba niliomba, ili usiku alale.

Niliinuka. Nilivua kanga kichwani, nikaikunja, nikaiweka mezani. Nikapita mabenchi matupu, nikafungua mlango wote, nikaenda kusimama mbele yake, jua likinipiga usoni.

Alikuwa mzee mdogo. Hilo lilinishangaza, miaka yote nilikuwa nikimfikiria mkubwa kama kikohozi chake. Alikuwa na pua ya Danford. Mikono yake ilirukia blanketi, lakini blanketi alikuwa amelikalia, akalivuta lisitoke, akalivuta tena.

"Nitazame, baba," nikasema.

"Mwanangu, usi..."

"Nitazame. Nina miaka arobaini na moja. Hili kovu ni mafuta ya maandazi niliyokaanga kulisha baraza la mwanao. Mapengo haya mawili niliyapata Danford akiwa mgonjwa, sikuwa na nafasi ya kwenda Mbeya. Nitazame vizuri."

Akaacha kuvuta blanketi. Akanyanyua uso, macho yake yakatulia juu yangu, mekundu, yenye ukungu wa uzee, akanitazama muda mrefu kama mtu anayesoma kwa kukokota.

"Umemwona?" nikamwuliza.

Upande wa pili wa barabara mwanamke wa samaki alikuwa amesimama na beseni kichwani, wachuuzi wa chumvi nao wameacha kufunga mizigo, na Watson ametoka mlangoni mwa ofisi, kalamu bado iko sikioni.

"Nimekuona," mzee akasema. Alisema kwa sauti ndogo, iliyotosha kufika kwangu, isivuke barabara.

Kisha akaokota fimbo yake, akainuka kwa shida, nami sikumsaidia, akaenda zake kwa mwanawe, kula.